Somo: Kuwinda mbuzi wa mwituni New Zealand, kuanzia kibali hadi sufuria

Somo hili nimeliandika kwa ajili yetu tunaoishi New Zealand, tunaotamani mbuzi wa kuchoma mwisho wa wiki na kukuta bucha zimejaa kondoo na ng'ombe. Mbuzi wapo, tena wengi, milimani. Hawana mwenyewe, hawana msimu uliofungwa, na kwenye ardhi ya hifadhi hujawekewa idadi. Ila kufyatua risasi ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Kazi yenyewe ni kujua yupi wa kupiga na yupi wa kuacha, kisha nyama ifike nyumbani ikiwa bado inafaa kuliwa.

Wageni wengi huniuliza kwa nini serikali inaruhusu. Kabla ya watu kufika, visiwa hivi havikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha isipokuwa popo. Mwaka 1773 Kapteni James Cook aliachia mbuzi hapa, na wazungu waliofuata wakaongeza wengine. Wengine wakatoroka mashambani. Mbuzi hula majani, magome ya miti na miche, na hakuna chui wala fisi wa kuwapunguza. Kwenye kisiwa kikubwa cha Manawatāwhi, kaskazini kabisa, mtaalamu wa mimea Geoff Baylis alikuta mwaka 1945 mti mmoja tu uliosalia wa aina isiyopatikana kwingine duniani. Mbuzi walikuwa wamemaliza mengine yote. Mwaka uliofuata wakaondolewa, na miti ya aina hiyo iliyopandwa tangu hapo chimbuko lake ni ule mmoja. Taranaki nako, kazi ya kuwaondoa mbuzi kwenye mlima ilianza 1925 na haikumalizika hadi 2022.

Nayasema haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kuwinda. Kwetu mfugaji hulinda jike na kuchinja dume. Hapa ni kinyume. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo ukimpiga beberu mwenye pembe ndefu umepata picha, na msitu haujapata nafuu yoyote. Jike hubeba mimba miezi mitano, mara nyingi huzaa pacha, na kwa hali ya hewa ya hapa anaweza kuzaa wakati wowote wa mwaka. Anayewinda kwa ajili ya msitu na meza yake alenge majike na wadogo. Bahati njema, hao hao ndio watamu.

Hatua ya 1: Leseni na kibali

Bunduki inahitaji leseni ya silaha. Umri ni miaka 16 kwenda juu. Kuna mtihani wa nadharia, mafunzo ya vitendo, mahojiano na watu wanaokufahamu, na ukaguzi wa mahali utakapofungia silaha nyumbani. Tangu 2023 kuna pia rejista, ambamo bunduki zako zinaandikwa. Halafu kuna kibali cha kuwinda cha Idara ya Hifadhi, DOC. Hicho ni bure, unakiomba mtandaoni, na kinataja maeneo unayoruhusiwa. Kisome chote. Kwa mfano, ardhi ya DOC haiwindwi usiku kwa tochi.

Shamba la mtu ni jambo jingine. Hapo kibali ni neno la mwenye shamba, na ni lazima ulipate kabla ya kuvuka uzio. Wakulima wengi wanafurahi kupunguziwa mbuzi, ila wanataka kuulizwa. Piga hodi, sema unakuja siku gani, mko wangapi, gari litakaa wapi, na ukitoka acha geti kama ulivyolikuta.

Hatua ya 2: Angalia sumu

Hatua hii wengi huiruka, na kwa anayewinda ili ale haina mbadala. DOC na mashirika mengine hutega sumu kwa ajili ya panya, posamu (mnyama mdogo wa mitini aliyeletwa kutoka Australia) na wanyama jamii ya kicheche. Inayojulikana zaidi ni 1080. Idara huchapisha taarifa za sumu kwa kila eneo, na njiani utakuta vibao. Ukiona kibao chenye tarehe za tahadhari, usichukue nyama hapo. Kuna pia sumu ya panya aina ya brodifakumu, ambayo hukaa muda mrefu kwenye ini la mnyama aliyeila. Kama historia ya eneo ina utata, nenda bonde jingine.

Hatua ya 3: Kumpata

Mbuzi hapendi mvua. Ikinyesha hujificha chini ya magenge, na jua likichomoza hutoka kuota upande wa mlima unaopata mwanga. Asubuhi ya baridi baada ya usiku wa mvua, kaa upande wa pili wa bonde na darubini, tafuta maporomoko na miamba inayotazama jua. Madoa meupe na meusi yatakuonyesha walipo kabla hujatembea hatua mia. Kisha shika upepo usoni, zunguka kwa juu yao. Mbuzi hutazama hatari itokayo chini zaidi ya ile itokayo juu.

Mweleze mtu uendako na saa ya kurudi. Beba kifaa cha kuita waokoaji kwa setilaiti, kwa sababu simu milimani haishiki. Na uiheshimu mito: karne ya 19 kuzama mtoni kuliua watu wengi kiasi kwamba kuliitwa kifo cha New Zealand. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kaa upande uliopo hadi yapungue.

Hatua ya 4: Kuchagua

Tulia uwasome. Aliyevaa kola shingoni usimguse: huyo ni mbuzi wa kazi, amefungwa kifaa cha redio ili awapeleke wawindaji wa serikali kwa wenzake. Mwenye hereni ya sikioni ana mwenyewe. Jike mwenye kitoto kidogo kinachonyonya, ama uwachukue wote wawili ama uwaache wote wawili. Kumwacha mwana afe njaa pembeni ya damu ya mama yake ni ukatili, na sioni udhuru wake.

Anayefaa meza ni jike mchanga au mwanambuzi aliyekwisha kuacha kunyonya, ubavu umejaa, manyoya yanang'aa. Na usipige zaidi ya unavyoweza kubeba. Najua wapo wanaosema kila mbuzi aliyekufa ni faida kwa msitu. Hiyo ni kazi ya wawindaji wa idara, na wanaijua. Mimi na wewe tumekwenda kutafuta chakula.

Hatua ya 5: Risasi moja

Bunduki ya .223 (namba hizi ni ukubwa wa risasi) inatosha kwa mbuzi; .243 na .308 pia ni sawa. Ile ndogo ya .22 iache kwa sungura. Ngoja mnyama akupe ubavu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, hadi theluthi ya kwanza ya kina cha mwili, nyuma kidogo ya kiwiko: hapo pana moyo na mapafu. Anayekuonyesha makalio usimpige. Aliyesimama juu ya kilele na nyuma yake ni anga tupu usimpige, maana hujui risasi itaishia wapi. Aliyesimama ukingoni mwa genge muache pia, kwa sababu ataanguka mahali usipofika, au utamkuta amepasuka matumbo na nyama imeharibika.

Kati ya kanuni 7 za usalama wa silaha za nchi hii, ninayoishikilia kuliko zote ni kumtambua unayempiga pasipo shaka hata chembe. Wawindaji hapa wamewahi kuuawa na wenzao wa safari ile ile, walioona kitu kikitikisika kichakani. Rangi si mbuzi, sauti si mbuzi, tawi linalocheza si mbuzi. Ona kichwa, shingo na bega la mnyama, na ujue mwenzako yuko wapi wakati huo. Mvae nguo za rangi ya chungwa kali.

Akianguka, tia risasi nyingine tayari na subiri kidogo. Msogelee kwa nyuma, mguse jicho kwa kijiti kirefu. Akipepesa, mmalize papo hapo. Asipopepesa, toa risasi zote kwenye bunduki, iweke pembeni, ushike kisu.

Hatua ya 6: Kisu

Hapa ndipo nyama hupona au huharibika. Mlaze chali, miguu ya nyuma ikiwa wazi. Chana ngozi kuanzia kwenye kinena hadi kidari. Kisha ingiza vidole viwili chini ya ukuta wa tumbo, uuinue, na upitishe ncha ya kisu katikati ya vidole huku makali yakitazama juu. Hivyo huwezi kutoboa tumbo la majani. Kata kuzunguka njia ya haja, ufunge kwa kamba. Kibofu kishike shingoni kama unavyoshika puto, kikate kikiwa kimebanwa. Panda juu kuelekea kifuani, kata kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, ingiza mkono hadi kooni, kata koromeo na umio, vuta: vyote hutoka kwa pamoja.

Sasa kagua. Ini zuri lina rangi moja na kingo nyembamba. Lenye madoa meupe, vifuko vya maji au minyoo bapa kwenye mirija, litupe. Tazama tezi za shingoni, begani na pajani. Ukikuta jipu lenye usaha mzito kama jibini, huo ni ugonjwa unaowapata sana mbuzi na kondoo. Osha kisu na mikono, na likiwa si moja bali yametapakaa mwilini, usile mnyama huyo.

Mkono ulioshika manyoya usishike nyama. Wachinjaji wetu wanalijua hili vizuri: harufu ya mbuzi inatoka kwenye manyoya na ngozi, na ndiyo inayoingia kwenye mchuzi.

Hatua ya 7: Kupoza na kubeba

Mtundike kivulini, upepo upite. Vipande vitie kwenye mifuko ya kitambaa. Plastiki hufungia joto na nyama huchacha. Ukifika kwenye gari, deli lenye barafu liwe linakungoja. Nyumbani ihifadhi kati ya nyuzi 0 na 4 kwa siku mbili tatu kabla ya kugandisha, ilegee. Shingo, miguu na mbavu vibebe pia. Nimekuta milimani mizoga iliyokatwa mapaja peke yake, na inaniuma.

Maswali ya wanachama

Swali (Hamilton): Assalamu alaykum, kaka. Sisi ni Waislamu. Nyama ya risasi ni halali kwetu?

Waalaykumu salaam. Uwindaji una hukumu zake. Unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta bado ana uhai unamchinja mara moja. Kuhusu mfugo uliogeuka wa porini, kuna hadithi ya Rafii bin Khadij juu ya ngamia aliyetoroka akazuiwa kwa mshale, na Mtume (SAW) akaelekeza kuwa mnyama akiwashinda hivyo afanyiwe hivyo hivyo. Aliyeanguka kutoka kwenye genge au kutumbukia majini, na hujui kilichomuua ni nini, muache. Kwa undani zaidi muulize sheikh wa msikiti wenu.

Swali (Nelson): Mimi sina leseni. Naweza kwenda na rafiki yangu mwenye leseni?

Unaweza, ila awe karibu nawe na akusimamie muda wote bunduki ikiwa mikononi mwako. Akienda zake bondeni na kukuachia silaha, mmevunja sheria wote wawili. Kuanza kwa kubeba nyama na kujifunza kisu pia ni mwanzo mzuri.

Swali (Auckland): Shikamoo. Waafrika wenzangu wananiomba niwauzie. Kilo chache tu kuna ubaya?

Marahaba, dada. Usiuze. Sheria ya Mazao ya Wanyama ya mwaka 1999 hairuhusu nyama ya mwindaji wa kawaida kuuzwa wala kubadilishwa kwa kitu, kwa sababu haijapita kwa mkaguzi. Wape ndugu na marafiki, wakaribishe mle pamoja. Fedha isipite mkononi.

Swali (Tanga): Huku nyumbani naweza kufanya hivyo?

Hapana, ndugu yangu. Mbuzi utakayemkuta porini Handeni ana mwenyewe, na mchungaji hayuko mbali. Wanyamapori wa Tanzania wana sheria yao ya 2009 na leseni zake, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani tangu 1977. Somo hili ni la huku tu.

Swali (Palmerston North): Mbwa wangu apewe matumbo?

Usimpe mbichi, na usiyaache mahali mbwa wa watu watayafikia. Kuna minyoo inayozunguka kati ya mbwa na kondoo au mbuzi, na wafugaji wanapata hasara kubwa. Nyama ya kumpa mbwa ipikwe hadi iive, au igandishwe kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku 10.

Swali (Wellington): Nilipewa paja, nikachoma, likawa gumu kama kandambili. Nifanyeje?

Mbuzi wa mlimani hana mafuta na amepanda milima maisha yake yote. Mtu mzima usimchome. Mpike kwa moto mdogo masaa matatu, na tangawizi, vitunguu na nyanya, au supu ya mifupa. Wa kuchoma ni mwanambuzi, umpake mafuta. Papai bichi hapa ni ghali, lakini tunda la kiwi la kijani lina kilainishi chake, lile la njano halisaidii. Ponda nusu tunda, changanya na kitunguu saumu na ndimu, paka vipande vidogo kwa nusu saa. Usizidishe saa moja, nyama itageuka uji. Na iive hadi ndani, nyuzi 71 kwa kipimajoto, hasa kama mezani kuna mjamzito, maana mbuzi wanaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma.