Hisabati inamshinda mwanao wa sekondari? Fungua madaftari kabla ya kufungua pochi

Mzazi mwenzangu, kama mwanao analeta F ya Hisabati kila muhula, usikimbilie kumlipia tuisheni wiki hii. Tafuta kwanza amekwamia wapi. Mimi ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro, nimeishia darasa la saba, na bado niliweza kumchunguza binti yangu wa kidato cha tatu. Nawe utaweza.

Chukua mtihani wake uliosahihishwa. Kila swali alilokosa, mwambie akueleze kwa Kiswahili linataka nini. Akishindwa, Kiingereza ndicho kinachomzuia, na dawa yake ni daftari dogo la maneno ya Hisabati, maana shule ya msingi alisoma KDS (kigawe kidogo cha shirika) na sekondari anakutana na kitu hichohicho kikiitwa LCM. Akieleza vizuri, mwambie alifanye upya mbele yako, huku akisema kwa sauti anachofanya na kwa nini. Mahali anaponyamaza au kubahatisha, hapo ndipo. Binti yangu alikuwa anakosa logarithimu na milinganyo, lakini kilichomwangusha ni sehemu na namba hasi. Nusu ukijumlisha na theluthi alikuwa anaandika 2/5! Mwalimu anayefundisha logarithimu kwa darasa zima la tuisheni hawezi kuliona hilo. Andika mambo matatu au manne ya namna hiyo kwenye karatasi.

Karatasi hiyo ipeleke kwa mwalimu wake wa Hisabati. Nenda siku ya kawaida baada ya vipindi, maana siku ya kikao cha wazazi hamtapata nafasi ya kuongea. Usimwombe amfundishe peke yake, ana mikondo mingi. Muulize arudie mada zipi za kidato cha kwanza na cha pili, na kama anaweza kumsahihishia zoezi moja kwa wiki. Hilo halina gharama, na walimu wengi hufurahi wakiona mzazi amekuja na jambo mahususi.

Ukifika pa kulipa, watu wa bei nafuu wapo. Mji wenye vyuo kama wetu una wanafunzi wanaosomea ualimu wa Hisabati. Wapo pia wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira, na mtaani kwako huenda yupo mmoja anayeendesha bodaboda. Hao ndio ninaowapendelea, maana wamejifunza kufundisha na wana muda. Kuanzia Mei kuna vijana waliomaliza kidato cha sita kwa PCM au EGM, yaani michepuo yenye Hisabati, ila uliza kwanza kama hajaitwa kwenye mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa).

Unganeni wazazi wanne. Sisi kila mtoto anatoa shilingi elfu mbili kwa kipindi cha saa moja na nusu, mwalimu anaondoka na elfu nane, mara mbili kwa wiki. Wakizidi watano, madaftari hayakaguliwi tena. Masomo yanafanyika barazani kwangu, mimi nikiwa kwenye cherehani. Hapo silegezi hata kidogo: binti hafundishwi chumbani kwa mtu, awe mwalimu mzuri kiasi gani.

Kipindi cha kwanza kaa usikilize. Kama kalamu iko mkononi mwa mwalimu muda wote, tafuta mwingine. Lipa kwa kipindi, usilipe mwezi mzima mbele. Baada ya wiki sita mpe mtoto maswali yaleyale aliyokosa mwanzoni, uone kama pesa inafanya kazi.

Vitabu visikutoe jasho. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambapo vitabu vya kiada vinasomwa bure. Tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, ina mitihani iliyopita pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ndani yake utaona mifano ya majibu mazuri na mabaya, na makosa yanayorudiwa na wengi. Steshenari watakutolea kopi ya kurasa unazohitaji. Kwa sehemu na desimali, katuni za Ubongo Kids zinaeleza kwa Kiswahili. Asione aibu kwamba ni za watoto. Khan Academy nayo ni bure, ila itakula bando.

Huo mtihani wa kidato cha nne nao ujue ulivyo. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya alama 10. D inaanzia 30, yaani maswali matano kamili ya sehemu A. Mtoto aliyezoea kupata 12 akionyeshwa hesabu hiyo anapata moyo wa kuanza. Wetu alianza na seti, takwimu na uwiano, ndipo akasogea kwenye matriki.

Mwisho ni muda wa nyumbani, na hapa mabinti wanaonewa sana. Akirudi shule, achote maji, apike, aoshe vyombo, afungue daftari saa nne usiku, hakuna mwalimu wa kumwokoa. Mpe dakika arobaini kila siku kabla giza halijaingia, na kazi zigawanywe. Kwetu kaka yake ndiye anayechota maji Jumanne na Alhamisi, siku za mwalimu, na chakula cha jioni siku hizo napika mwenyewe.