Kunasa sauti ya filamu kwenye nyumba ya watu: bati, pangaboi na kanga mpya

Filamu na tamthilia zetu nyingi hupigwa kwenye nyumba za watu. Sebule ina vigae chini na saruji pande zote, dirisha la nondo halifungi sawasawa, pangaboi linazunguka, friji iko jikoni, na bodaboda zinapita hatua ishirini kutoka mlangoni. Humo ndimo maneno ya mwigizaji yanatakiwa kusikika hadi pumzi yake. Maelezo haya ni ya mnasa sauti mwenye kinasa kidogo, maiki moja ya bumu (inayoshikwa juu ya mwigizaji kwa kijiti kirefu) na maiki mbili za kubana kwenye nguo, kazi ikiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja. Kazi yake kubwa hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe cha kunasa: kusogeza maiki karibu na mdomo, na kupeleka kelele mbali. Programu ya kusafisha sauti hupunguza mvumo ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Neno lililofunikwa na honi hairudishi.

Sikiliza nyumba kabla haijakubaliwa

Nenda siku na saa zilezile za kupiga picha. Jumapili mchana haikuambii lolote kuhusu Jumatatu asubuhi, fundi wa kuchomelea mageti akiwa amefungua na shule ya jirani iko mapumziko. Simama katikati ya chumba, vaa hedifoni zilizounganishwa na maiki ileile utakayotumia, fumba macho, nyamaza dakika mbili. Andika kila unachosikia na kinatoka upande gani. Kisha piga kofi moja kali. Kofi likikatika papo hapo, chumba kinafaa. Likiacha mlio unaotetemeka kati ya kuta, utahitaji mablanketi, na ni bora mwongozaji alijue hilo siku hiyo kuliko siku ya kazi.

Chukua ratiba ya swala ya mji husika na uipange ndani ya ratiba ya siku. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, hivyo saa hazihami sana: adhuhuri huingia kati ya saa 6:05 na 6:40 mchana kutegemea mwezi, na magharibi kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni. Palipo na misikiti kadhaa adhana hazianzi pamoja, kwa hiyo tenga angalau dakika kumi. Huo uwe muda wa kubadili taa au nguo. Onyesho la mazungumzo lililokatwakatwa na adhana halihaririki, kwa sababu kila mkato utaruka kutoka kipande kimoja cha adhana hadi kingine na msikilizaji atajua papo hapo.

Bati lina mambo yake. Mvua ikianza, hakuna maiki wala blanketi litakalosaidia. Wakati wa masika, panga maonyesho ya ndani kwenye nyumba yenye dari nzito au zege. Hata siku ya jua, bati hutanuka asubuhi na kusinyaa jioni, likitoa vilio vidogo vya "tik" visivyo na mpangilio. Ukivisikia, vitaje kwenye ripoti ili mhariri asidhani ni hitilafu ya waya.

Zima, ondoa, funika

Pangaboi na kiyoyozi vizimwe wakati wa kunasa. Joto litapanda haraka, taa zikiwaka ndiyo zaidi, na mwigizaji anayetiririka jasho hawezi kuigiza vizuri. Kwa hiyo patana na msaidizi wa mwongozaji: pangaboi liwake kila baada ya teki (mara moja ya kupiga onyesho), lizimwe klapa, kile kibao cha kugonga mwanzoni mwa teki, ikikaribia, na usubiri mapanga yasimame kabisa. Pangaboi linalopunguza mwendo bado lina mlio, na mlio wenyewe unabadilika, jambo linalowapa wahariri taabu kuliko mvumo wa kudumu.

Friji ni adui wa kimya. Haivumi wakati wa majaribio, halafu kompresa inawaka yenyewe katikati ya teki bora ya siku. Itoe kwenye umeme, na weka funguo za gari lako ndani yake. Hutaondoka bila kuifungua, na samaki wa mwenye nyumba hawataoza. Kagua pia pampu ya tangi la maji, stebilaiza ya televisheni, saa ya ukutani na taa za kupigia picha zenye feni ndani. Simu zizimwe au ziwekwe hali ya ndegeni; kuzinyamazisha hakutoshi, kwani mawimbi yake huingia kwenye waya za maiki kama mlio wa "drrr drrr".

Jenereta iwekwe mita 50 au zaidi, nyuma ya nyumba nyingine, bomba la moshi likitazama mbali. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidishwa mara mbili kelele hupungua desibeli 6, hivyo kutoka mita 25 hadi 100 unapata desibeli 12. Fundi umeme atakataa kwa sababu ya waya, na ana hoja: kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, mita 100, mzigo wa ampea 10, karibu volti 23 hupotea njiani na taa zinafifia. Tumia waya wa milimita 4 za mraba. Hasara hushuka chini ya volti 9.

Mwangwi wa vigae unapunguzwa na vitu vizito na vinene. Mkeka hausaidii, pazia jepesi linakula sauti kali za juu tu. Simamisha magodoro ya sponji ya sentimita 10 nyuma ya kamera, ukutani anakotazama mwigizaji, maana huko ndiko sauti yake inakogonga na kurudi. Blanketi nene la kutundika liachie nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, linanyonya vizuri kuliko likigandamana nao. Sakafuni tandika zulia nje ya fremu, na chini ya miguu ya viti bandika vipande vya sponji.

Bumu

Maiki iwe sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni, juu ya kichwa na mbele kidogo, ikilenga kifuani. Ikitoka sentimita 50 hadi mita 1 sauti ya mwigizaji hupungua desibeli 6, ila mwangwi wa chumba unabaki palepale. Hivyo ukiongeza sauti baadaye unaongeza chumba pia, na ndiyo maana maneno yanasikika kama yametoka kisimani.

Maiki ndefu ya bunduki (shotgun) inafaa nje. Ndani ya chumba kidogo chenye vigae hudanganya. Bomba lake hupunguza sauti za pembeni kwa kuzigonganisha, na hufanya hivyo kwa nguvu tofauti kwa sauti nzito na nyembamba. Chumbani mwangwi unaingia kutoka kila pembe, unatoka umechakachuliwa, na mwigizaji akigeuza kichwa rangi ya sauti inabadilika. Ndani tumia maiki fupi yenye uelekeo mwembamba wa moyo (hypercardioid), yaani inayosikia zaidi mbele yake, isiyo na bomba. Nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kinasa. Usipouwasha utapata ukimya, ukidhani waya umekatika.

Mshika bumu avue pete na saa. Waya uvutwe kiasi ndani ya kijiti usigonge pande. Mikono iwe juu, imenyooka karibu na masikio, uzito ubebwe na mifupa badala ya misuli, na asimame upande ulio kinyume na taa kuu ili kivuli kianguke nje ya picha. Kabla ya teki amwambie mpiga picha, "Nashuka, nishike." Ashushe maiki mpaka ionekane ukingoni, kisha apande vidole vinne. Mwongozaji akitaka kamera mbili, moja pana na moja ya karibu kwa wakati mmoja, mweleze mapema: bumu itafuata ile pana, na picha ya uso itakuwa na sauti ya mbali. Zipigwe kwa zamu.

Nje, mpira wa sponji hautoshi kwa upepo wa kusi wala kaskazi. Maiki ivalishwe kikapu na manyoya juu yake, na kichujio cha sauti nzito kiwekwe kwenye hezi 80.

Maiki ya nguoni

Hapa ndipo kazi nyingi za kwetu huharibikia, na sababu mara nyingi ni kitambaa. Kanga mpya ina wanga. Ishike karibu na sikio uikunje kidogo: inalia kama karatasi. Maiki haiwezi kutofautisha mlio huo na herufi "s" au "sh" za mwigizaji. Mwambie mtu wa mavazi azifue kanga na vitenge vyote vya filamu mara mbili siku kadhaa kabla, bila kutia wanga wakati wa kupiga pasi. Pamba iliyofuliwa hunyamaza. Baibui la poliesta na shati la nailoni havinyamazi hata vikifuliwa, kwa hiyo wakati wa kuchagua mavazi uwepo useme.

Sehemu nzuri ni juu ya mfupa wa kifua, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, yaani shubiri moja au pungufu kidogo. Karibu zaidi, kidevu kinafunika sauti. Kata vipande viwili vya tepu ya kitambaa, kila kimoja sentimita 10, ukikunje kama unavyofunga sambusa, gundi ikitazama nje. Maiki ikae katikati ya sambusa hizo mbili, kichwa kikichungulia. Upande mmoja unashika ngozi au fulana, wa pili unashika nguo ya nje, na vyote vinatembea pamoja. Hapo kusuguana kumekwisha. Chini ya maiki piga kitanzi kidogo cha waya, upana wa sarafu, ukibandike kwa tepu; mwigizaji akiinama, kitanzi ndicho kitakachovutwa.

Ukisikia kelele, jua ni ipi kabla ya kubandua. Mkwaruzo unaofuata pumzi ni nguo inayogusa kichwa cha maiki. Mkwaruzo unaofuata mkono ni nguo inajisugua yenyewe mahali pengine, na kuhamisha maiki hakutasaidia. "Tuk" nzito anapoketi ni waya. Mlio wa mkufu na bangili hautokani na maiki ilivyobandikwa. Zitolewe au zifungwe uzi.

Ngozi ya jasho haishiki tepu. Futa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, ndipo ubandike. Kisambaza mawimbi kinachokaa kiunoni kivishwe kondomu isiyo na mafuta, kwa sababu jasho la chumvi likiingia kwenye tundu la waya litakata sauti siku hiyohiyo.

Kwa mwigizaji aliyevaa ushungi, maiki ibandikwe kwenye baibui, na ushungi wenyewe ushikizwe juu yake kwa sambusa ya pili usitelezeteleze. Kazi hiyo aifanye mwanamke wa mavazi kama mnasa sauti ni mwanamume. Kwa yeyote yule, omba kwanza: "Mama, naomba ruhusa tukuwekee maiki." Mtu aliyeshikwashikwa bila kuulizwa haigizi kwa utulivu.

Maiki zisizo na waya za gigahezi 2.4 hugombania anga na Wi-Fi ya nyumba, na mwili wa binadamu huzizuia. Weka kisambazaji upande unaotazama kipokeaji, na zima ruta. Za UHF (masafa ya chini ya gigahezi hizo) hufika mbali zaidi, lakini masafa yake yanapangwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Uliza kabla ya kununua seti iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine.

Kinasa na klapa

Weka kilohezi 48, biti 24. Wastani wa mazungumzo uwe karibu na desibeli -20 kwenye mita ya kinasa, ambako sifuri ndiyo kikomo, vilele visizidi -12. Zima kabisa upandishaji wa sauti wa otomatiki: mwigizaji akinyamaza, kinasa kinadhani sauti imepungua, kinapandisha kelele za chumba, akianza kusema kinazishusha ghafla. Palipo na kupiga kelele au kulia, nasa njia (track) ya pili iliyo chini kwa desibeli 10. Vinasa vya biti 32 vya nukta elea (32-bit float) vinaokoa kosa la kiwango. Maiki iliyozidiwa yenyewe, au iliyokaa mbali, haviiokoi. Hesabu ya kadi ni rahisi: njia moja hula karibu megabaiti 520 kwa saa.

Klapa ipigwe karibu na maiki na ionekane kwenye picha, kwa kila teki, hata kama mna msimbo wa saa (timecode) wa kuoanisha kamera na kinasa. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na katika muda huo sauti inasafiri takriban mita 14. Kamera yenye lenzi ndefu iliyo mita 28 mbali itanasa sauti ya klapa fremu mbili nyuma kwa maiki yake yenyewe. Mhariri afuate kinasa. Saa za vifaa vya bei nafuu huachana polepole, hivyo zipatanishwe asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana. Betri nazo zibadilishwe wakati huohuo, zisisubiri taa nyekundu.

Kabla watu hawajatawanyika

Mwongozaji akisema onyesho limekwisha, omba sekunde 60 za sauti ya chumba. Kila mtu abaki alipo, taa zikiwaka vilevile, pangaboi limezimwa, maiki palepale. Watu wengi wakitoka, chumba kinabadilika na sauti hiyo haitaziba tena nafasi kati ya maneno.

Kama bodaboda ilipita juu ya sentensi muhimu, usimwachie mhariri. Mwite mwigizaji papo hapo, hisia zikiwa bado ziko mwilini, msogezee bumu sentimita 30 na aseme sentensi ile mara tatu bila kamera, kwa mwendo uleule. Taja kwa sauti namba ya onyesho na ya teki mwanzoni mwa faili, kisha andika kwenye ripoti neno lililofunikwa. Ukishamaliza, kachukue funguo zako kwenye friji.