Stiki ya HDMI ama apu za ndani ya TV? Pima kwanza ndio utoe pesa

Kila wiki lazima mtu aniulize hii kitu, TV yangu ni smati lakini YouTube inazunguka zunguka tu, ninunue ile stiki ya kuchomeka nyuma, kile kidude cha tundu la HDMI chenye apu zake, ama? Jibu langu huwa moja, usinunue kitu leo, kwanza tujue mgonjwa ni nani. Manake hapa wagonjwa ni watatu na wote wanakohoa kikohozi kimoja: intaneti yako, TV yenyewe, ama apu. Stiki inatibu hao wawili wa mwisho peke yao.

Ami yangu anakaa Mji wa Kale hapa Mombasa, zile nyumba za zamani kuta za mawe nene mpaka dirishani mtoto anaweza kulala. TV iko sebuleni, rauta iko chumba cha ndani kwa sababu fundi wa faiba ndipo alipoingizia waya kisha akenda zake. Nafika namkuta ashapiga hesabu ya stiki na duka ashalijua. Nikamwambia, "Ami, hebu nipe dakika kumi kwanza." Nikasimama na simu pale pale TV ilipo, nikafungua fast.com, tovuti ya kupima mbio za intaneti, ikatoa Mbps 2. Nikaenda chumba cha rauta, 18. Basi mgonjwa tumempata. Tukanunua waya wa LAN, ule wa kupitisha intaneti, tukautoa kwenye rauta tukaupitisha juu ya mlango hadi nyuma ya TV, na tangu siku ile hajanipigia kulalamika. Angenunua stiki ingekaa nyuma ya TV ile ile, ikavuta waifai ile ile kupitia ukuta ule ule.

Kwa hiyo wewe pia anza hapo. Pima ukiwa umesimama kwenye TV, usipime kando ya rauta ukajidanganya. Netflix wenyewe wanasema picha ya 1080p (Full HD) yataka 5 Mbps na 4K yataka 15, sasa kama hapo ulipo hufikishi hata 5, sogeza rauta ama vuta waya, stiki sahau. Na kama rauta yako inatoa majina mawili ya waifai, la 5GHz lina mbio lakini kuta linaziogopa, la 2.4GHz linafika mbali ila ukiwa kwenye fleti huko Bamburi ama Tudor majirani wote wako humo humo mnasukumana. Jaribu yote mawili, ni bure.

Haya, tuseme intaneti iko sawa na TV bado inachechemea. Ichomoe kwenye soketi, usitumie rimoti manake rimoti inailaza tu, ngoja dakika moja urudishe. Halafu ingia setingi utafute apdeti ya TV, utoe apu usizotumia, hizi TV memori yake huwa ndogo ajabu. Ukimaliza fungua apu unayoipenda uhesabu sekunde inazochukua. Kama menyu yenyewe bado inachukua muda wa kwenda kuchota chai na kurudi, hapo sasa TV ndiyo imezeeka.

Na kuzeeka kwa TV si kioo, wajua. Kioo kinaweza kudumu miaka kumi, kinachokufa mapema ni ubongo, yaani programu inayoiendesha. Samsung wana Tizen yao, LG wana webOS, Hisense nyingi ziko na VIDAA, na kila mmoja anaamua mwenyewe TV ya mwaka gani iendelee kupata apdeti na ipi iachwe. Ni kama vile WhatsApp inavyoacha simu za kitambo. Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011 kuanzia Desemba 2019, na kioo kilikuwa kizima kabisa. Mtu wa hivyo mwambie anunue stiki bila kupepesa macho, TV yake inapata ubongo mpya kwa pesa kidogo kuliko TV mpya, na stiki ikizeeka nayo atabadilisha stiki.

TV yako ni ya juzi na apu zinafunguka vizuri? Iache. Serious. Rimoti ni moja, soketi ni moja, na TV nyingi zina tundu la LAN wakati stiki ndogo nyingi hazina, yataka ununue adapta. Wanaokimbilia stiki kwa sababu TV yao haina apu fulani pia waangalie kwanza kama wanaweza kukasti, yaani kurusha video kwa TV kutoka kwa simu, manake ukikasti YouTube, TV inaivuta video yenyewe kutoka intaneti, simu inabaki kazi ya rimoti.

Sasa kununua. Hapa mimi nilichomwa. Niliingia duka moja mjini nikatoka na kiboksi cha bei ya kutupa, juu kimeandikwa 4K kwa herufi kubwa za dhahabu. Nafika nyumbani Kisauni nafungua Netflix, picha kama unaitazama ukiwa ndani ya neti ya mbu. Kumbe hivi viboksi Android yake haina cheti, na kuna ulinzi wa video zisiibiwe unaitwa Widevine, bila daraja la L1 hupati HD, ukiwa L3 unabanwa kwenye picha ya chini hata kama faiba yako inapaa. Maandishi ya kwenye boksi hayasaidii kitu. Kwa hivyo dukani mwambie muuzaji akichomeke, mwekee apu ya DRM Info, iangalie kama imeandika L1. Akianza kusema "bosi hiyo si muhimu", salamaleko, toka.

Wengi wetu tumezoea kusema Chromecast kwa kila stiki lakini Google waliacha kuitengeneza 2024 wakaleta Google TV Streamer, kwa hiyo Chromecast unayoiona dukani ni mabaki ya stoku, si vibaya ila usiilipie bei ya kitu kipya. Fire Stick ni ya Amazon, ina duka lake la apu, Play Store hamna, hilo lijue kabla. Na kama TV yako si ya 4K usilipie stiki ya 4K kwa sifa tu, na hata kama TV ni ya 4K, jua 4K yenyewe inakula mpaka GB 7 kwa saa na HD GB 3, mtu wa bando ataona kilio.

Kuchomeka ni rahisi ila kuna kosa moja karibu kila mtu analifanya, anachukua stima kutoka kwa USB ya TV. USB nyingi za TV zinatoa nusu ampia, stiki nyingi zataka ampia moja. Itawaka, itakuchekea, halafu katikati ya mechi inajizima na kuwaka upya. Tumia kichwa cha chaja kilichokuja nayo, ukutani. Na kile kiwaya kifupi cha HDMI mnachokitupa na boksi, kitumieni, stiki ikae mbali kidogo na mgongo wa TV, joto la Mombasa la Februari mnalijua, stiki ikichemka inapunguza mbio yenyewe. (Halafu kama mnangoja stiki iwaondolee aibu ya jirani kupiga kelele za goli kabla hamjaliona, poleni, hiyo ni tabia ya intaneti, yeye ana dishi.)

Mwisho washa HDMI-CEC kwenye setingi za TV, kwa Samsung inaitwa Anynet+, kwa LG SimpLink, ndio rimoti ya stiki iweze kuwasha na kuzima TV. Usipoiwasha utakuwa na rimoti mbili mezani, na kwa ami yangu, moja huwa chini ya mto wa kiti na nyingine hakuna anayejua.