Kupima kompresheni ya dizeli: weka kando mazoea ya petroli

Injini ya petroli hubana mafuta na hewa pamoja, ujazo ukipungua mara 9 hadi 12, kisha plagi inawasha. Dizeli hubana hewa tupu, mara 15 hadi 22, mpaka joto lake linapita nyuzi 500. Nozeli ikinyunyiza, mafuta yanawaka yenyewe. Ndiyo maana petroli yenye kompresheni (mbano ndani ya silinda) dhaifu huwaka ila haina nguvu, lakini dizeli asubuhi ya baridi hugoma, ikitoa moshi mweupe wa mafuta yasiyoungua.

Petroli hupima psi (kipimo cha shinikizo) 120–200, dizeli 350–500. Geji ya petroli nyingi huishia 300, kwa hiyo tafuta ya dizeli, yenye adapta ya kufunga kwenye tundu la hita plagi (plagi inayopasha silinda joto wakati wa kuwasha).

Pasha injini moto, uzime. Betri iwe imejaa, kwa sababu stata ikizunguka kivivu utalaumu ringi za pistoni bure. Chomoa waya wa swichi ya mafuta kwenye pampu. Ukisahau, mafuta yanaweza kuwaka ndani ya silinda geji ikiwa imefungwa. Fungua hita plagi zote taratibu. Iliyoganda imwagie mafuta ya kulainisha kutu na usubiri, maana ikikatikia ndani, itabidi ushushe hedi (kifuniko cha juu cha injini).

Piga stata hadi mshale uruke mara 5 au 6. Utazame mruko wa kwanza. Silinda nzima hupanda juu mara moja. Ringi zilizochoka huanza chini na kupanda kidogokidogo. Valvu inayovuja hubaki chini. Kwa injini ya Toyota 3L ya HiAce, nzuri ni psi 455, mwisho ni 284, na silinda zisipishane zaidi ya 71. Mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi.

Kwenye petroli fundi humwaga kijiko cha oili kupima ringi. Kwenye dizeli usifanye hivyo: nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno, oili huijaza na kudanganya geji, na ikizidi hupinda koni rodi (mkono wa pistoni). Badala yake, pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga, ingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la hita plagi, usikilize. Mlio kwenye mdomo wa oili ni ringi. Kwenye ekzosi au kisafisha hewa ni valvu. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi iliyopasuka.