Pasipoti Mbili, Kaunta Nne: Mwongozo wa Safari kwa Mkenya Mwenye Uraia Pacha

Mkenya mwenye pasipoti mbili anaweza kukwama uwanja wa ndege huku hati zote anazo mkononi. Tatizo huwa ametoa pasipoti nzuri kwenye kaunta isiyo yake. Shirika la ndege linataka kujua kama utakubaliwa uendako. Afisa wa uhamiaji wa nchi unayotoka anataka kujua uliingia kwa hati gani. Yule wa nchi unayofika anataka kujua una haki gani ya kuingia. Kila mmoja mpe pasipoti inayojibu swali lake, na safari itakwenda.

Lakini kuna kazi ya kufanya kabla ya kununua tiketi.

Kwanza, hakikisha wewe bado ni Mkenya kisheria

Tarehe ya kuangalia ni 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipoanza kutumika. Kama ulizaliwa raia wa Kenya na ukala kiapo cha uraia wa nchi nyingine baada ya siku hiyo, uraia wako wa Kenya uko palepale. Kifungu cha 16 cha Katiba kinasema hivyo. Kama uliapa kabla yake, sheria ya wakati ule ilikuvua uraia, hata kama kitambulisho cha taifa bado kimo kwenye pochi yako. Kifungu cha 14(5) kinakupa haki ya kuurejesha, ila lazima uombe. Haurudi wenyewe.

Toa cheti chako cha uraia wa ng'ambo, utazame tarehe ya kiapo. Usitazame tarehe ya kutolewa kwa pasipoti ya ng'ambo, kwa sababu mtu anaweza kuapa mwaka 2009 na kuchukua pasipoti mwaka 2012, akadhani yuko upande salama kumbe sivyo.

Anayehitaji kurejesha uraia afungue akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, aingie kwenye huduma za Idara ya Uhamiaji na kujaza ombi la kurejesha uraia. Andaa cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya zamani ya Kenya kuthibitisha kwamba ulizaliwa raia, nakala ya pasipoti ya ng'ambo, cheti cha uraia wa ng'ambo na picha za pasipoti. Ukishalipa ada, chapisha fomu na risiti, kisha uziwasilishe pamoja na hati halisi.

Asiyepoteza uraia naye ana wajibu wake. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 kinamtaka atangaze uraia wake wa pili ndani ya miezi 3 tangu aupate. Asipotangaza ni kosa, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Watu wengi hawajui jambo hili. Kama muda umekupita, tangaza sasa. Ni afadhali ujitokeze mwenyewe kuliko kuulizwa ukiwa na ndege ya kukimbilia. Nakala ya tangazo hilo isafiri nawe, ndani ya pasipoti ya Kenya.

Pasipoti ya Kenya iwe ile ya kielektroniki

Pasipoti za kizazi cha zamani ziliacha kutumika baada ya 30 Novemba 2022, hata zile ambazo tarehe ya mwisho iliyochapishwa ndani bado haijafika. Ile mpya inataka alama za vidole na picha ya papo kwa papo, kwa hiyo huwezi kumtuma ndugu. Ng'ambo, vituo vya mwanzo viliwekwa kwenye ofisi za ubalozi za miji kama London, Washington, Paris, Berlin na Dubai. Wasiliana na ubalozi wako upate siku ya miadi kabla ya kupanga safari ya kwenda huko. Kitambulisho cha taifa kikiwa kimepotea, anza na hicho, maana ombi la pasipoti la mtu mzima husimama hapo.

Pasipoti ya Kenya isipopatikana kwa wakati, ingia kama mgeni. Omba eTA, kibali cha kielektroniki cha mgeni kuingia Kenya, kwa pasipoti ya ng'ambo angalau siku 3 kabla ya safari. Ada yake ya msingi ni dola 30, na kinakuruhusu kukaa hadi siku 90. Ukiingia hivyo, toka hivyohivyo. Usiingie kwa pasipoti moja ukatoka kwa nyingine: kwenye kompyuta ya uhamiaji, mgeni aliyeingia ataonekana hajaondoka, na Mkenya anayetoka ataonekana hakuwahi kuingia.

Majina

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Wanjiru aliyeolewa Marekani ana jina la mume kwenye pasipoti moja na la baba kwenye nyingine. Mwingine aliacha jina la kati siku ya kiapo. Tiketi ina jina moja tu, na mfanyakazi wa kaunta ana dakika chache za kuamua kama pasipoti hizi mbili ni za mtu mmoja. Njia bora ni kusahihisha pasipoti moja ifanane na nyingine. Kabla hujafanya hivyo, tiketi ifuate jina la pasipoti utakayojiandikishia kwenye shirika la ndege, nawe ubebe cheti halisi cha ndoa au hati ya kubadili jina. Picha ya cheti kwenye simu inaweza kukataliwa.

Kaunta nne, tuseme Boston hadi Nairobi na kurudi

Boston: Marekani haina dawati la uhamiaji la kutokea; shirika la ndege ndilo linalotuma taarifa zako serikalini. Sheria yao inamtaka raia wa Marekani atoke na kuingia kwa pasipoti ya Marekani, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kujaza kwenye taarifa za abiria. Ukiulizwa eTA iko wapi, toa pasipoti ya Kenya. Mwenye pasipoti ya Kenya haihitaji.

Nairobi, kuingia: simama foleni ya raia, toa ya Kenya peke yake. Kabla hujaondoka dirishani, hakikisha imegongwa mhuri.

Nairobi, kutoka: hapa ndipo pagumu, kwa kuwa unaulizwa na watu wawili. Kwa shirika la ndege toa pasipoti ya Marekani, kwa sababu kwenye ya Kenya hamna viza. Kwa afisa wa uhamiaji toa ya Kenya, yenye mhuri wa kuingia. Akiuliza, "Viza ya huko iko wapi?" mwonyeshe ya Marekani na nakala ya tangazo la uraia pacha. Jibu bila kuficha. Uraia pacha ni halali, ila kuuficha ndiko kunakokutia mashakani.

Boston, kurudi: pasipoti ya Marekani.

Anayekwenda Uingereza azingatie kwamba tangu 25 Februari 2026 raia wa Uingereza mwenye uraia pacha anatakiwa aonyeshe pasipoti ya Uingereza, au hati ya kuthibitisha haki ya kuishi huko, ambayo ada yake ilikuwa pauni 589 sharti hilo lilipoanza. Aliyeacha pasipoti yake ya Uingereza iishe muda akidhani ataingia na ya Kenya anaweza kuzuiwa kabla ya kupanda ndege. Kanada nayo ina sharti kama hilo tangu Novemba 2016.

Watoto

Mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mama au baba Mkenya ni raia kwa kuzaliwa. Lakini akisafiri na pasipoti ya ng'ambo pekee anahesabiwa mgeni, anahitaji eTA yake, na siku zake 90 zinahesabiwa hata kama wazazi wanakaa bila kikomo. Familia ikienda kukaa kwa bibi miezi minne, mtoto ndiye atakayepitisha muda. Mtolee pasipoti ya Kenya mapema.

Ukipata shida ukiwa Kenya

Ukiwa Kenya, serikali inakuhesabu Mkenya, na msaada wa ubalozi wa nchi yako ya pili unaweza kuwa mdogo ukikamatwa au ukishtakiwa. Pasipoti ya ng'ambo ikiibwa, nenda kituo cha polisi uchukue abstrakti, yaani hati ya kuonyesha umeripoti, kisha ubalozini ukaombe pasipoti ya dharura. Ile ya Kenya pekee haitakupandisha ndege ya kurudi. Beba pasipoti hizo mbili kwenye mifuko tofauti, na nakala za kurasa za picha ziwe mahali pa tatu.