Carry inachemsha mlimani: somo la upepo wa rejeta

Wiki hii nimeulizwa mara nne, basi naandika mara moja. Suzuki Carry yako tambarare haina neno, lakini ukipanda kutoka bandarini Mkoani na magunia ya karafuu nyuma, inachemsha. Kama maji yamo na pampu nzima, tazama upepo.

1. Acha injini ipoe. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi cha moto.

2. Osha rejeta kwa mpira wa maji, kutoka nyuma kuja mbele. Kama ina AC, taka hukaa katikati ya kondensa (ile rejeta ya AC) na rejeta, pale usipopaona.

3. Ziba mianya ya pembeni. Upepo ukipata pengo la vidole viwili utapita hapo, rejeta utaiacha. Mimi nakata tyubu kuukuu; sponji huoza.

4. Feni. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilibadilisha mota, nikaunga nyaya kinyume. Ilizunguka vizuri, sauti ileile, ila badala ya kuvuta upepo ikawa inausukuma mbele, inapigana na upepo wa njia. Nikanunua thamostati, kile kilango cha maji ya injini, nikanunua kifuniko, pesa bure. Mlimani ikachemsha tena, nikafungua kwa hasira, na alama ya maji ya moto ninayo mkononi mpaka leo. Jaribu hivi: feni ikizunguka, weka ukurasa wa gazeti mbele ya rejeta. Ukinata, sawa. Ukirushwa, geuza nyaya. Mikono mbali na mapanga! Feni nyengine huwaka hata ufunguo umeshautoa.

5. Kava ya chini uliyoitupa, irudishe.

MASWALI

Wa Wete: Nimetoa thamostati, bado inachemsha. Nifanyeje?
— Irudishe. Halafu soma namba 4.

Wa Wete: Gazeti sina.
— Jani la mgomba unalo.

Wa Konde: Samahani maalim, kwa nini tusitoboe matundu zaidi mbele?
— Swali zuri, ami. Hewa haiingii pasipo pa kutokea. Chumba cha dirisha moja, ukitoboa la pili ukuta uleule bado utatokwa jasho. Toboa ukuta wa pili. Wanaojijengea ndege ndogo hukutana na haya haya kwenye kipozea oili: wanapanua pa kuingilia, joto halishuki, kumbe hewa imekwama nyuma. Ndege ya Cessna 206 ina vibao chini ya injini, vya kutolea hewa. Rubani huvifungua wakati wa kupanda, pale injini inapofanya kazi sana na mwendo ni mdogo. Sawa na wewe na magunia yako.

Wa Mtambile: Nje ya mada, maji ya kisima yanafaa?
— Kisima cha pwani kina chumvi, mirija inaliwa. Tia kulanti (dawa ya rejeta) nusu, na nusu maji ya betri. Yale ya kuongezea, si tindikali.

Wa Wete: Jani limerushwa.
— Geuza nyaya.