Jinsi ya kuchora kibuyu kwa mwiba, kama wafanyavyo Olinalá

Ukishika kibuyu cha Olinalá, mji wa jimbo la Guerrero kule Meksiko, usikitazame tu. Pitisha ukucha juu ya ua. Utahisi mahali rangi ya juu ilipokwanguliwa, ya chini ikaachwa wazi. Mtindo huo ndio rayado. Naupenda kuliko dorado, ule wa kupaka maua kwa brashi. Kwenye brashi mkono wenye pupa huweza kujificha. Kwenye mwiba, thubutu!

Tafuta kibuyu kikavu kabisa, kilichotolewa mbegu. Mumunye linafaa, na jícara pia, ambayo ni tunda la mti. Kipige msasa mpaka utelezi wa ganda uishe, la sivyo rangi haitashika.

Mafuta ya asili ya kushikisha rangi ni ya chia: mbegu hukaangwa, husagwa, hukandwa kwa maji ya moto, kisha hukamuliwa. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana wengine hutumia mafuta ya kitani. Ya kupikia usijaribu; mengi hayagandi hata yakae vipi.

Paka mafuta kwa vidole, membamba. Nyunyizia unga laini wa mawe, kama dolomiti, uliochanganywa na rangi, tuseme nyekundu, mpaka mafuta yashindwe kuunywa. Sugua kwa jiwe laini hadi liteleze. Kiache siku kadhaa kikauke.

Sasa rudia yote kwa rangi nyeusi, lakini hii usiingoje ikauke kabisa. Chukua mwiba. Mafundi wa kule huuchomeka kwenye shina la unyoya wa bata mzinga: upande mmoja unachora, upande wa pili unafagia vumbi. Chora kwanza mzingo wa sungura au ndege wako, halafu kwangua nyeusi iliyomzunguka.

Nyeusi ikiburuzika kama uji, bado mbichi. Weka mwiba chini ungoje. Ikibanduka vipande vipande, umechelewa, na kingo zitamenyeka. Inapotoka unga unaofagilika, fanya kazi bila kusimama. Mkono uwe mwepesi: ukikandamiza, utaichimba nyekundu mpaka kwenye ganda, na hapo hakuna kiraka kisichoonekana.

Kikikauka, king'arishe kwa pamba. Wapo wanaoongeza madoadoa ya brashi juu ya michoro. Mimi siongezi kitu.